Watu wazima mnaoishi ughaibuni, hizo jezi za mpira mtazivua lini?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Leo nasema, na atakayenuna anune.

Mtu ana miaka arobaini na ushee. Ana mke, ana watoto, ana kibali cha kuishi alichokihangaikia mpaka akakonda, kazi anayo. Akienda msibani, jezi. Harusini, jezi, kavalia koti juu akidhani kola itaficha nembo. Kikao cha wazazi na walimu, jezi. Ubalozini kubadilisha pasipoti, jezi, na picha anataka apigwe nayo hiyohiyo. Nyumba za ibada sitaki kuzigusa, huko kila mtu na Mola wake, ingawa kusali nyuma ya mgongo ulioandikwa jina la mshambuliaji ni mtihani mkubwa, maana macho yanasoma tu hata usipotaka.

Mwingine kaitwa kwenye usaili wa kazi. Usaili! Kaenda na jezi ya ugenini ya msimu uliopita, karudi analia ubaguzi. Ubaguzi upo, sibishi, kila anayeishi ugenini ameuonja. Lakini siku hiyo, ndugu yangu, uliupunguzia kazi.

Kabla hamjanirukia: siongelei siku ya mechi. Siongelei uwanjani, wala sebuleni kwako, wala watoto. Timu ya taifa ikiwa kwenye mashindano makubwa, vaeni hadi mlale nazo. Mwaka 2018 Wanigeria walipanga foleni London kuisubiri jezi yao ya Kombe la Dunia na mimi niliwapigia makofi, jezi ilikuwa nzuri na walikuwa na sababu. Ninayemlalamikia ni yule ambaye leo ni Jumanne, hakuna mechi, hakuna lolote, na yuko foleni ya benki amevaa jezi ya klabu ya mji ambao hajawahi kukanyaga.

Kilichonimaliza kabisa kilitokea kazini. Kuna mzee mmoja pale, mzaliwa wa Liverpool, mpole, anakaribia kustaafu. Na kuna mwenzetu, mtu wa kwetu, ambaye siku zote zisizo na sare ya kazi anakuja na jezi ya Liverpool. Zile jezi za miaka ya karibuni zina kitu nyuma, chini ya kola: namba 97 katikati ya mienge miwili. Mzee akapita, akamgusa pale begani, akamwambia taratibu, asante kwa kuwabeba. Mwenzetu akacheka. Akamjibu kwamba yeye namba yake ni 10, hiyo 97 pengine wameiweka huko kiwandani.

Mzee hakujibu. Alichukua kikombe chake akaenda kukaa peke yake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Kwa wasiojua, na naona ni wengi: tarehe 15 Aprili 1989, uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest. Watu waliingizwa kwenye sehemu za kusimama zilizozungushiwa uzio hadi wakabanana wakakosa pumzi. Waliokufa ni 97, wa mwisho akifariki mwaka 2021 kwa madhara aliyoyapata siku ile. Polisi wakawasingizia mashabiki kwamba walikuwa walevi na wakorofi. Familia zikahangaika na uongo huo mpaka mwaka 2016, ndipo baraza lililochunguza vifo likatamka kwamba watu wale waliuawa isivyo halali na mashabiki hawakuwa na kosa. Kuna wazazi waliozikwa kabla hawajaisikia hukumu hiyo. Na kuna gazeti moja la Uingereza lililochapisha uongo ule ukurasa wa mbele, ambalo mpaka leo watu wengi wa mji huo hawaligusi.

Sasa huyu wetu ukimuuliza anakwambia yeye ni Liverpool damu, tangu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kule Istanbul 2005. Atakusimulia walivyotoka nyuma kwa mabao 3, atakutajia waliofunga mmojammoja, atakuambia nani alikosa penalti. Habari za waliokufa Hillsborough hana. Anatembea na kumbukumbu ya maiti 97 shingoni na anaifanyia utani mbele ya mtu ambaye huenda alizika rafiki zake.

Hapo ndipo ilipo hasira yangu, wala si kwenye mavazi peke yake. Ukiwa mbali, jezi ni jezi, unaipenda kwa rangi na kwa mabao ya televisheni, hakuna anayekuuliza. Ukishahamia huku umehamia kwa wenyewe. Wenyewe wana makaburi ndani ya hizo rangi, wana ugomvi wa mababu, wana mitaa ambayo rangi fulani haipiti. Na wewe unapita katikati yao kifua mbele, hujui lolote, unashangaa kwa nini huyu amekutolea macho na yule amekukumbatia.

Chukueni Glasgow, kule Scotland. Kwa mtu wa mbali, kijani na nyeupe ya klabu ya Celtic na bluu ya mahasimu wao Rangers ni rangi nzuri tu. Pale mjini, rangi hizo zimebeba Wakatoliki wenye asili ya Ireland upande mmoja na Waprotestanti upande mwingine, chuki iliyorithishwa vizazi na vizazi, na zipo baa zilizoandika mlangoni kwamba rangi za mpira haziruhusiwi ndani. Jamaa anaingia na jezi aliyoinunua kwa sababu ilikuwa imepunguzwa bei. Akitolewa nje anapigia simu dunia nzima: nimefukuzwa kwa ajili ya rangi yangu! Ni kweli, kwa ajili ya rangi. Ila ni rangi ya jezi.

Nyie mnaochekelea, Aprili 2000 mashabiki wawili wa Leeds, klabu ya Uingereza, walichomwa visu wakafa mitaani Istanbul, usiku wa kuamkia mechi na Galatasaray ya Uturuki. Mpira una watu wa namna hiyo. Huko usipeleke kifua chako kwa sababu tu fulana ilikukaa vizuri.

Na hili la Zenit St Petersburg, klabu ya Urusi, lazima nilitapike. Nimemwona mtu mweusi, mweusi kama mimi, kavaa jezi ya Zenit, ile ya bluu ya angani. Nikamuuliza ni Zenit kweli? Akasema hapana, kaipenda rangi tu. Mwishoni mwa mwaka 2012, kundi kubwa la mashabiki wa klabu hiyo lilitoa waraka hadharani likitaka timu isiwe na wachezaji weusi. Klabu ilijitenga nao, na imewachezesha weusi kabla na baada, sawa. Lakini wewe umezunguka maduka yote, rangi zote za dunia hii, ukaenda kuchagua hiyo! Bila kuuliza! Mtu anasoma maoni ya wateja hamsini akinunua birika la umeme, jezi anajivalia tu.

Tuje kwenye kifua chenyewe. Jamani, mnasoma kilichoandikwa pale? Jezi kibao za Ligi Kuu ya Uingereza zimekuwa na kampuni za kamari mbele. Hali ilifika mahali klabu zenyewe, Aprili 2023, zikakubaliana kuziondoa kifuani kuanzia baada ya msimu wa 2025/26, na hata hapo kwenye mkono wa jezi hazikukatazwa. Halafu angalieni hili: kule Uingereza, jezi za saizi za watoto zinauzwa bila nembo hiyo ya kamari. Walioziuza walijua kabisa mtoto hapaswi kuibeba. Kwa hiyo mwanao kavaa safi, na wewe baba yake umekaa naye mbele ya mwalimu, mnajadili maendeleo yake, kifua chako kinatangaza kubeti. Na hujalipwa. Umelipa wewe.

Hizi jezi za madukani, kwa taarifa yenu, zilianza kushika kasi Uingereza miaka ya 1970, kampuni ya mavazi ya michezo ya Admiral ilipoingia mkataba na Leeds United, na waliolengwa walikuwa watoto. Watoto! Tazameni picha za zamani za majukwaani, wanaume wa viwandani wamejipanga na makoti, kofia, wengine na tai, shabiki unamtambua kwa skafu tu. Hao ndio wenye klabu, waliozipenda kabla babu yako hajazisikia. Baadaye wafanyabiashara wakagundua kwamba baba mtu naye anaweza kugeuzwa mtoto, wakaongeza saizi. Leo klabu kubwa inatoa jezi ya nyumbani, ya ugenini na ya tatu, kila msimu, na nyie mnanunua zote tatu.

Majina mgongoni nayo. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza kuyaweka kwa utaratibu wa kudumu msimu wa 1993/94. Mimi nimelelewa kwamba mtu mzima anabeba jina la baba yake. Sasa baba wa watu watano kabeba jina la kijana wa miaka 19 ambaye bado mama yake anamfulia. Kijana akihama, aibu inabaki kwako. Mshambuliaji Van Persie aliondoka Arsenal kwenda Manchester United mwaka 2012, na mpaka leo kuna mtu kwenye jumuiya yetu analitembeza jina hilo katika jezi ya Arsenal. Tumemwambia. Anasema jezi bado nzima.

Harufu sitasema sana. Ni polyester, na polyester inashika harufu ya jasho kuliko pamba, hilo kila anayefua analijua. Umetoka zamu ya usiku, umepanda treni, umesimama umeshika bomba juu, kwapa liko usawa wa pua za watu. Na wale mnaonunua toleo la wachezaji, lile la kubana, limeshonwa kwa mwili wa mtu anayekimbia kilomita 10 kwa mechi. Wewe unakimbia wapi?

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Povu nimeliona, ahsanteni. Wanaosema ni uhuru wangu kuvaa nitakacho: ni kweli, na mimi ni uhuru wangu kukushangaa.

Anayesema jezi ndiyo inamsaidia kupata marafiki huku, kwamba mtu asiyemjua anamsalimia kituoni kwa sababu ya timu. Hilo nakubali lina ukweli, na ndilo jibu pekee la maana humu ndani. Upweke wa ugenini naujua. Kuna majira mtu anaweza kumaliza wiki nzima bila kuitwa jina lake. Jezi inafungua mlango. Sasa mlango ukifunguka, ingia ukiwa na la kusema! Huyo aliyekusalimia anataka kuongea na wewe, anataka umuulize alianza lini kwenda uwanjani na nani alimpeleka. Ukimtajia takwimu za mfungaji wako na kumuonyesha tiketi za kubeti kwenye simu, amekupata wa kazi gani?

Aliyesema naona aibu asili yangu, nionyeshe hiyo asili iko wapi kwenye jezi ya Manchester City. Nangoja.

Aliyeuliza mbona wenyeji nao wanavaa. Wanavaa, ndiyo, na wengine ni vituko kuliko nyie. Ila yeye akivaa hovyo ni yeye amevaa hovyo. Wewe ukivaa hovyo ubalozini, sisi tuliopo nyuma yako kwenye foleni tunahudumiwa kwa uso uleule uliokuhudumia wewe. Si haki, najua si haki. Ndivyo ilivyo dirishani.

Kuna aliyesema jezi ni nafuu kuliko shati. Muongo. Jezi halisi unapata mashati mazuri na chenji inabaki, na kama ni feki basi ndiyo usiniongezee hasira, maana feki nyingine hata nembo ya klabu wameikosea na hamjagundua.

Na wewe uliyenifuata pembeni kuniuliza kama ni wewe ninayekusema: nani mwingine mwenye jezi ya Van Persie? Harusi ya Jumamosi nakuja. Ukitokea nayo, meza yangu usikae.