Wiki 8 za fildi, mafunzo ya kazi ofisini, halafu yule mzee anamwambia lekcha wangu "huyu anajua kununua supu, chenji analeta kamili"!!

Wakuu naandika hapa mikono inatetemeka, nipo kwenye gari la Mbagala nimesimama mguu mmoja, simu ina asilimia 11, ikizima mtanisamehe ila hili siwezi kulala nalo.

Mnamjua. Jina sitaji ila mnamjua, yule mzee wa uhasibu mwenye kalamu tatu mfukoni, mbili nyekundu na moja haijawahi kuandika tangu inunuliwe, yule anayepandisha miwani kwenye kipara halafu anaitafuta ofisi nzima na sisi tumeinamisha vichwa, hakuna wa kumwambia. Kila aliyesoma biashara akaletwa pale mjini kwa fildi amepita mikononi mwake. Huyo huyo.

Leo ndo ilikuwa siku ya msimamizi wa chuo kuja kutukagua. Nimeamka saa kumi alfajiri, sketi nimeipiga pasi mara mbili, logibuku, lile daftari la kuandika kazi za kila siku, nimeijaza wiki zote nane kila siku kwa siku yake, sio wale wanaojaza usiku mmoja wino mmoja. Lekcha kaja saa tano, kakaa chini ya feni, kafungua ukurasa wa kwanza, kauliza swali moja tu tena kwa upole, "mzee, huyu binti kwa kipindi hiki amejifunza nini?"

Yule mzee kavua miwani. Kaniangalia kama ndo ananiona leo. Mimi nimesimama pale na chupa ya chai mkononi maana alikuwa amenituma maji ya moto. Akasema, "Huyu? Huyu anajua kununua supu. Chenji analeta kamili."

Ofisi nzima kicheko. Sekretari kacheka mpaka kashika meza, dereva aliyekuja kusainisha vocha ya mafuta kacheka na wala hatujuani, na jamani LEKCHA WANGU KACHEKA. Halafu akainama akaandika kitu kwenye fomu yangu. Sijui kaandika nini.

CHENJI ANALETA KAMILI.

Mimi nimeanza cheti, level 4, nikapanda level 5, sasa hivi nipo level 6 namalizia stashahada ya uhasibu. Ada kalipa mama yangu anayeuza samaki wa kukaanga Rangi Tatu, kalipa kwa awamu nne, kila karatasi ya benki anaikunja anaiweka kwenye kopo la zamani la maziwa ya unga. Debit na kredit nilianza kuzielewa kwenye daftari lake la madeni kabla sijaziona darasani, nani kachukua samaki, nani kalipa nusu, nani kahama mtaa na deni la watu. Huyo mama ndo leo jioni ataniuliza mwanangu msimamizi kasemaje. Nimwambie nini? Kasema najua supu?

Na ngoja niwaambie kitu ambacho kipo kwenye logibuku na yeye hakutaka kukisema. Wiki ya tano. Taarifa ya benki na kitabu chetu cha fedha vinapishana kwa 90,000. Watu watatu wazima, siku tatu, wanatiki kwa penseli wanafuta wanatiki tena, hundi ambazo hazijafika benki wameshazitoa, makato ya benki wameyaingiza, ile 90,000 iko pale pale inawatazama. Mimi nimekaa kwenye benchi langu pembeni ya fotokopi. Nikakumbuka tuliyofundishwa, tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, anza kutafuta tarakimu zilizogeuzwa. 90,000 gawa kwa 9 unapata 10,000 kavu. Nikaomba taarifa ya benki, nikaweka rula, nikashuka nayo mstari kwa mstari, tarehe 17 hiyo hapo: benki wameandika 540,000, kwetu imeandikwa 450,000. Tano na nne zimebadilishana viti! Hata nusu saa haikuisha.

Nikampelekea nimeizungushia penseli. Hakusema hata ahsante. Kachukua karatasi na alama yangu juu yake akaingia nayo kwa meneja, mlango haukufungwa vizuri, nimemsikia kwa masikio yangu haya mawili, "nimeipata." NI-meipata. NI! Hata "tumeipata" ilimshinda. Alipotoka akaninyooshea noti ya elfu kumi, "supu, chapati mbili, na leo usisahau limao."

Kwa hiyo mtu aliyekuokoa siku tatu za kutoka jasho, anakuja mwalimu wake kutoka chuo, anakuuliza amejifunza nini, na wewe unatoa SUPU? Nimenunua supu siku arobaini za kazi, nimeshuka na kupanda ghorofa tatu mpaka yule mama wa supu ananiita mkwe, nadhani nimemwezekea nyumba nzima kwa mguu wangu. Na chenji ndiyo, naleta kamili, sijalelewa na mtu wa kula hela ya mtu. Ndo iwe kitu cha kuchekewa mbele ya lekcha na chupa ya chai mkononi?

Naombeni ushauri, niandike barua kwa mkuu wa idara chuoni aniite anisikilize au nikae kimya nisije nikakamatwa kwenye maksi? Alicheka jamani. Lekcha alicheka. Simu asilimia 3.

—

Kipanga wa Temeke: Chenji analeta kamili hahahahaha. Pole sana dada ila nimecheka mpaka abiria mwenzangu kachungulia simu, sasa tunacheka wawili.

Leja Nyeusi: NAMJUA! Wa kipara na miwani! Mimi fildi yangu ya 2019 alinituma nikamchukulie mtoto shule kila saa nane. Kwenye logibuku niliandika "kupokea na kuhakiki mali kabla ya kuiingiza stoo" na akasaini.

Mtu wa Mbezi: Hii chai, uongo mtupu. Watu watatu wa uhasibu washindwe kuona 540 na 450 siku tatu, aje kuona mtoto wa fildi? Chai ya maziwa na tangawizi juu.

Leja Nyeusi: Mtu wa Mbezi hujawahi kukaa kwenye rekonsilieshen wewe, kulinganisha kitabu na taarifa ya benki. Jicho likishazoea kosa halilioni tena, unaweza ukalipita mara ishirini.

Babu wa Mizania: Binti hongera, ila turekebishane kidogo. Kugawanyika kwa 9 si lazima tarakimu ziwe zimegeuzwa. Hata ukiruka sifuri inatokea hivyo hivyo, uandike 5,000 badala ya 50,000 tofauti ni 45,000, nayo inagawanyika kwa 9. Na tofauti ikiwa namba shufwa igawe kwa 2, huenda kuna kiasi kimewekwa upande usio wake. Sisi enzi zetu leja za mkono, kitabu kikubwa kama mlango wa stoo, haya ndiyo yalikuwa maisha. Nyie mnabonyeza Ekseli mnasema mmesoma.

Dogo wa Ekseli: Babu tumekuja kumpa pole dada, umefungua darasa.

Babu wa Mizania: Darasa lenyewe ndilo hamlitaki, mnataka cheti.

Mama Ntilie wa Kidijitali: Dada mimi naona kakusifia, kuleta chenji kamili ndo uhasibu wenyewe. Wangapi wana CPA, cheti cha juu cha uhasibu, na chenji hawaleti.

Kipanga wa Temeke: Mama Ntilie umemaliza uzi hahaha. Andika kwenye CV: uzoefu, wiki 8 za peti keshi ya supu.

Atachee wa Nairobi: Poleni majirani. Huku kwetu tunaita atachimenti na wewe unaitwa "atachee", hiyo ndiyo jina yako mpaka siku ya kutoka. Nilikaa miezi tatu nikipiga stepla. Nilikuwa nishapita sehemu ya kwanza ya mitihani ya uhasibu ya KASNEB, mtu ananiambia "atachee, hebu panga hizi invoisi kwa rangi". Kwa rangi! Si kwa tarehe, si kwa namba. Mpaka wa leo nikiona karatasi ya pinki roho inaniuma.

Misumari: Nyie wa uhasibu mnalia supu, njooni kwetu manunuzi na ugavi. Mimi nimepelekwa stoo ya vifaa vya ujenzi nikaambiwa hesabu misumari. Sio boksi, MISUMARI. Nikasema mzee hii kitabuni inahesabiwa kwa kilo, akaniambia "kitabu chako kina misumari?" Nimehesabu mpaka usiku naota inchi nne.

Binti wa Masoko: Wote nyie mlikuwa kivulini. Sisi wa masoko nilivalishwa vazi la chupa ya sabuni, maonyesho ya Sabasaba, pale viwanja vya barabara ya Kilwa, siku sita. Ndani ya lile vazi kuna tundu mbili tu za macho. Watoto wananipiga mateke wananiita dubwana. Siku ya nne akapita ex wangu na mtu wake mpya WAKAPIGA PICHA NA MIMI bila kujua ni mimi.

Kipanga wa Temeke: Binti wa Masoko fungua uzi wako, hii haiwezi kuishia hapa.

Misumari: Hiyo ya ex sawa lakini ulilipwa posho. Mimi misumari bure.

Binti wa Masoko: Posho ilikuwa ile ile sabuni!

Fizikia Hoyee: Tuliwaambia someni sayansi mkasema masomo ya biashara mepesi. Sasa hivi mnahesabu misumari.

Leja Nyeusi: Na wewe wa sayansi uko wapi saa hizi za kazi, si uko hapa na sisi?

Mwenye Duka: Biashara haisomwi darasani. Bakhresa alisoma chuo gani cha biashara?

Dogo wa Ekseli: Na hao wahasibu wake wanaomfungia hesabu wamesoma wapi, chini ya mwembe? Wewe mwenye duka VAT asilimia 18 unaipiga kwenye bei ukiwa umeshaijumlisha au haujaijumlisha?

Mwenye Duka: Hayo namwachia mtu wangu wa mahesabu.

Dogo wa Ekseli: AHAAA.

Shahidi wa Tatu: Jamani mbona mnamwacha mleta mada. Dada, logibuku si inasainiwa kila wiki na msimamizi wa ofisini? Wiki ya tano uliandika hiyo 90,000? Kama uliandika na yeye akasaini basi una ushahidi wenye sahihi yake. Piga kopi ukurasa huo, peleka kwa mkuu wa idara pamoja na barua fupi, usitaje supu hata mara moja. Omba kufanyiwa mahojiano ya fildi upya.

Mleta mada: Nimerudi, nimechaji kwa jirani. KASAINI. Nimefungua sasa hivi naangalia, wiki ya tano, nimeandika yote, tarehe, 540,000, 450,000, nimegawa kwa 9 pembeni kabisa, na chini kuna sahihi yake na muhuri, na kwa kalamu nyekundu kaandika "imeonwa". Hakusoma hata neno! Alikuwa anasaini huku anakunywa supu, kuna duara la mafuta hapa kwenye kona ya ukurasa. Mama kaja kaangalia hili duara kaniuliza hii ndo sahihi ya bosi? Shahidi wa Tatu Mungu akuweke. Barua niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Mtu wa Mbezi: Picha ya huo ukurasa au bado ni chai.

Babu wa Mizania: Duara la mafuta kwenye nyaraka. Enzi zetu ungefukuzwa kazi.

Atachee wa Nairobi: Huyo mzee anakunywa supu ya nini kila siku siku arobaini, si presha itampanda?

Misumari: Ya kongoro hiyo, mtu wa kalamu nyekundu hanywi supu ya kuku.

Kipanga wa Temeke: Kongoro na limao, chapati mbili. Mleta mada sisemi kwa ubaya lakini hiyo supu kama mtu anashushwa ghorofa tatu kila siku basi ina kitu. Inauzwa upande gani?

Mleta mada: Jamani BARUA. Kiswahili au Kiingereza?

Leja Nyeusi: Kipanga ukitoka kwenye lile jengo geuka kushoto kama unaenda kituoni, kwenye mwavuli wa bluu. Mwambie umetumwa na mkwe.

Binti wa Masoko: Wanafunga saa ngapi?