Ndege ipi ya abiria ni salama zaidi, na tupime kwa kipimo gani?

Mdadisi:
Kila ajali inapotokea, watu huhesabu maiti kisha huihukumu aina ya ndege. Concorde, ndege iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, ilianza kubeba abiria mwaka 1976 na haikuua hata mmoja hadi tarehe 25 Julai 2000, ilipoanguka karibu na Paris na watu 113 wakafa. Kwa kuwa ndege hizo zilikuwa chache na safari zake chache, ajali moja tu iliishusha kutoka kileleni hadi mkiani. Airbus A340 moja iliteketea Toronto mwaka 2005, na watu wote 309 wakatoka hai. Hiyo tuiandike wapi? Napendekeza tugawanye ajali kwa idadi ya safari, si kwa kilomita, kwa sababu hatari kubwa iko wakati wa kupaa na kutua.

Mzee wa Anga:
Hesabu nzuri, lakini ndege huongozwa na watu. Hata ndege ya Boeing 737 MAX isingeanguka mikononi mwa marubani hodari.

Fundi:
Shikamoo mzee wangu. Neno hilo siwezi kulinyamazia, kwa maana linawatwika marehemu lawama isiyo yao. Watu 346 walikufa katika ajali mbili, Oktoba 2018 na Machi 2019. Mfumo uliosukuma pua chini ulisikiliza kihisi kimoja, yaani kifaa cha kupima pembe ya ndege hewani, ilhali ndege ina viwili, na marubani wa ajali ile ya kwanza hawakuwa wameelezwa kwamba mfumo huo upo. Uhodari gani unashinda kitu usichoambiwa?

Mzee wa Anga:
Marahaba. Wa ajali ya pili walikwisha kuambiwa.

Fundi:
Na walizima swichi za mfumo huo kama walivyoelekezwa, lakini kwa mwendo ule gurudumu la mkono la kurekebisha mkia halikuzungushika!

Mzee wa Anga:
Usinipandishie sauti, mwanangu. Ndege ya aina ya DC-10 iliyoanguka Chicago mwaka 1979 ilidondosha injini kwa sababu mafundi, watu wa kazi yako, walikuwa wameharibu kishikizo chake walipoifungua. Ndege ndiyo iliyochafuliwa jina.

Fundi:
Ndege nyingine ya aina hiyo hiyo, mlango wake wa mizigo ulifunguka angani mwaka 1972, watu wakanusurika, onyo likapatikana. Mwaka 1974 mlango wa namna ile ile ukaua watu 346 karibu na Paris. Huo nao ni uzembe wa mafundi?

Mdadisi:
Basi nijibuni hili kwanza: ajali ya Chicago iingie katika rekodi ya DC-10, au ya karakana?