Matairi ya uwanjani kwa barabara ya Dodoma–Iringa: nichukue au niache?

MwanaNzuguni

Wakuu, habari za leo. Naombeni ushauri kwa mnaoendesha pikipiki kubwa.

Nina Honda CBR600RR. Niliinunua Dar ikiwa imetumika, miaka mitatu iliyopita, kabla kazi haijanihamishia Dodoma. Siku za kazi haitoki, nakwenda Mtumba kwa daladala. Siku yake ni Jumamosi. Naondoka Nzuguni saa 12 asubuhi, nashika barabara ya Iringa, navuka Mtera, napanda kona za Nyang'oro, nakunywa chai Iringa mjini, jioni nipo nyumbani.

Wiki tatu zilizopita, pale Nyang'oro, kona ya kushoto, tairi la nyuma liliteleza. Sikuanguka. Lilihama upana wa kiganja hivi, likashika tena. Nilisimama pembeni nikakaa juu ya jiwe karibu robo saa, mikono inatetemeka. Nina mke na mtoto wa miaka minne. Tangu siku hiyo pikipiki iko ndani, nimeifunika turubai.

Niliyofunga ni matairi ya kawaida ya barabarani, 120/70 ZR17 mbele na 180/55 ZR17 nyuma, yalikuja na pikipiki. Kashata, yale meno ya juu ya tairi, bado ipo, haijaisha hata nusu. Sasa binamu yangu anaishi Pretoria na huwa anakwenda kuendesha uwanjani, ule wa mbio za pikipiki. Ana jozi ya Pirelli Diablo Supercorsa SC aliyoitumia siku mbili tu. Anasema yananata kama ulimbo. Ananipa kwa laki tatu na nusu, usafiri wa lori humo humo. La mbele 120/70, la nyuma 180/60. Katikati yana mistari michache, pembeni hayana mstari hata mmoja.

Ninachotaka kujua ni hiki. Kama yananata kwa mwendo ule wa uwanjani, si yatanata zaidi kwa mwendo wangu mimi? Na jua la Dodoma mnalijua, lami inachemka, si ndiyo joto lenyewe yanalolitaka? Halafu hiyo 180/60 itaingia?

Nitashukuru nikijibiwa na aliyewahi kuyatumia.

Boxer_Nkuhungu

Pole sana kaka, na Mungu akulinde. Mimi ni bodaboda, nina Boxer 150, tairi ya nyuma 3.00-17, kwa hiyo hizo za kwako sizijui na sitakudanganya.

Nauliza mambo mawili tu. Kona yenyewe ilikuwa na mchanga? Malori yakikata kona yanakanyaga ukingoni, yanarudisha mchanga juu ya lami, na ule mwembamba huuoni mpaka uwe juu yake. Hapo hata ufunge tairi ya ndege utateleza. La pili, upepo ulikuwa ngapi? Abiria wangu wa kwanza asubuhi hapandi kabla sijabonyeza tairi zote mbili.

MwanaNzuguni

Asante sana kaka. Mchanga haukuwepo. Nilirudi kwa miguu nikaipapasa lami kwa mkono, ilikuwa safi na kavu. Ilikuwa kama saa 3 kasoro asubuhi, baridi ya mwezi wa saba, na ndiyo ilikuwa kona ya kwanza kuilalia tangu nitoke mjini. Upepo sijapima tangu mwezi wa pili.

FundiWaKizota

Mbukwenyi wote. Kaka wa Nzuguni, hiyo sentensi yako ya mwisho imenifanya nikae chini niandike.

Mimi nilikuwa fundi wa pikipiki Pretoria kwa miaka sita kabla sijarudi nyumbani. Wateja wetu walikuwa wanakwenda Zwartkops, uwanja ulio magharibi mwa mji ule, na kazi yangu siku hizo ilikuwa matairi: kufunga, kupima upepo, kufungua, kufunga tena. Mwenyewe nimeendesha pale mara kumi na kitu hivi. Supercorsa SC nimeitumia na ni tairi ninalolipenda kwa moyo wangu wote. Ukishalielewa linakupa imani ambayo hujawahi kuipata juu ya magurudumu mawili. Kwa hiyo sikukatazi kwa sababu ni baya.

Kabla mteja hajatoka kwenda uwanjani tunayavika matairi yake blanketi la umeme, nyuzi 80 hivi, karibu saa nzima. Anaingia uwanjani mpira ukiwa tayari umeiva. Halafu kila baada ya sekunde chache anapiga breki kwa nguvu, analala, anafungua mafuta, anapiga breki tena. Mpira unakunjwa na kunyooshwa, unakunjwa na kunyooshwa, na joto linatoka hapo, kwenye kukunjwa. Akizubaa mizunguko miwili akiendesha taratibu, joto linashuka, na yule aliyekuwa akinata kama mjusi ukutani sasa anaendesha kitu kigumu kama soli ya kiatu.

Ndiyo jibu la swali lako la kwanza. Mwendo mdogo haulifanyi tairi la uwanjani linate zaidi. Linanata pungufu, na mara nyingi pungufu kuliko tairi la kawaida.

Jua sasa. Jua linapasha ngozi ya tairi, lakini joto linalotakiwa ni la nyama ya ndani. Ukiiegesha pale Sabasaba saa 8 mchana utagusa tairi utasema limeiva. Endesha dakika kumi na tano kwa 80 kwenye barabara iliyonyooka, simama, weka kiganja pembeni ya tairi, kisha uje uniambie.

Hapo pembeni ndipo ilipo habari yako yote. Kutoka Dodoma hadi Mtera ni zaidi ya kilomita mia moja na karibu njia nzima umesimama wima. Kinachokanyaga lami ni ukanda wa katikati tu. Mabega ya tairi yamekaa bure muda wote huo yakipigwa na upepo wa asubuhi ya Julai. Unafika Nyang'oro, unalilaza tairi kwenye bega la kushoto ambalo halijafanya kazi tangu utoke kwako. Usidhani kuteleza kwa namna hiyo ni kwa wanafunzi peke yao. Kule Ujerumani kuna uwanja wa Sachsenring, una mfululizo wa kona za kushoto kisha ghafla inakuja ya kulia, kona ya 11. Waendeshaji wa MotoGP, mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia, wameangukia pale miaka nenda rudi, kwa sababu bega la kulia linakuwa limepoa. Wale wana matairi ya Michelin yaliyotoka kwenye blanketi dakika chache zilizopita. Wewe ungekuwa na Supercorsa iliyotoka kwenye lori.

Tairi zuri la barabarani limetengenezwa na watu wanaojua kwamba utakwenda kilomita mia moja wima ndipo ukutane na kona. Mpira wake una silika nyingi, unashika hata ukiwa baridi na hata lami ikiwa imelowa. Mengi siku hizi yana mpira mgumu katikati ili lisiishe upesi kwenye njia iliyonyooka, na mpira laini mabegani kwa ajili ya kona. Na ile mistari ni mifereji ya maji. Desemba mvua ikianza, siku ile ya kwanza, vumbi na mafuta ya miezi minane yanaelea juu ya lami, wewe unapita na tairi ambalo mabegani halina hata mfereji mmoja. Siwezi kukushauri hivyo.

Halafu siku mbili za uwanjani si chache kama zinavyosikika. Siku moja ni kutoka na kurudi mara tano au sita. Kila mara tairi linapikwa, linapoa, linapikwa tena, na kila likipikwa mpira unazidi kukauka. Kashata inabaki, ule ulimbo unaondoka.

Kuhusu 180/60, namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana. 60 ya 180 ni milimita 108, 55 ya 180 ni 99. Nyuma itapanda karibu milimita 9. Rimu yako italipokea, lakini pikipiki itainamia mbele na kuingia konani haraka kuliko ulivyozoea. Kuna wanaoitaka hiyo makusudi. Mtu ambaye ameacha kuendesha kwa hofu hapaswi kubadilishiwa tabia ya pikipiki.

Upepo: Honda wanataka PSI 36 mbele na 42 nyuma, tairi likiwa baridi. Uwanjani la nyuma tulikuwa tunalishusha chini ya 30, kwa sababu uwanjani hakuna matuta. Barabara ya Iringa kila kijiji kina matuta, na ukiyapanda na 28 unapinda rimu.

Sasa naomba ufanye kitu kimoja leo hii. Fungua turubai, chukua tochi, tazama ubavuni mwa tairi zako mwenyewe. Tafuta herufi DOT na mwishoni mwake namba nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Pima na upepo kabla hujaisogeza. Niandikie hapa.

AfisaUgani_Bahi

Nimesoma yote, fundi ubarikiwe. Nachangia kidogo kutoka upande wa vumbi.

Nazunguka vijiji vya Bahi kwa pikipiki ya kazi, na mwaka juzi nilifunga matairi ya kashata kubwa kwa sababu ya mchanga na tope la mashamba ya mpunga. Huko yanatembea vizuri mno. Ila nikiingia lami kuja mjini kwa kikao, kwenye mzunguko wa kwanza tu naisikia pikipiki inayumba chini yangu, ni kama nimesimama juu ya magunzi. Breki inachelewa, maana kinachogusa lami ni vile vifundo tu, katikati ya kifundo na kifundo hakuna kitu. Nikajifunza kuwa tairi bora kuliko yote halipo, lipo linalolingana na njia unayoipita siku nyingi. Siku hizi nimefunga yale ya kati, nusu lami nusu vumbi, na nimekubali kwamba kwenye tope nitashuka nisukume.

Jambo jingine kaka, miiba. Huku kwetu mgunga ukikatwa, mwiba unasafirishwa na kwato za mbuzi mpaka katikati ya lami. Fundi, hilo tairi laini la uwanjani litauhimili?

FundiWaKizota

Dada, umesema vema. Halitauhimili. Lile limetengenezwa liwe jepesi na laini, na likishapasuliwa katikati ya Fufu na Mtera uko peke yako na ng'ombe. La barabarani nalo linatobolewa, lakini lina nyama zaidi. Beba utambi wa kuzibia na pampu ndogo chini ya kiti, hata kama tairi ni jipya.

MwanaNzuguni

Fundi, nimerudi. Nimepiga magoti na tochi ya simu.

La mbele limeandikwa 2216. La nyuma 0815.

Nimeyasoma mara tatu. Wiki ya nane ya mwaka 2015. Ubavuni, nikilikunja kwa kidole gumba, kuna vijinyufa kama vya udongo wa Bahi wakati wa kiangazi. Upepo mbele 27, nyuma 25. Kashata ilinidanganya. Nilikuwa naitazama kila Jumamosi na kujiambia matairi bado mapya, kumbe ni mapya kwa sura tu, na mke wangu amepanda nyuma yangu juu ya hilo tairi mpaka Kondoa na kurudi.

Binamu nimempigia, nimemwambia ayabakize. Amenielewa. Ameniambia nikipata likizo niende, anikodishie pikipiki niyajaribu mahali pake.

Nataka kununua jozi mpya ya barabarani. Nichukue lipi?

FundiWaKizota

Ahsante kwa kunipa moyo wa kuandika tena. Tairi la miaka yote hiyo mpira wake umekuwa kama plastiki. Ukaongeza upepo wa 25 na bega la baridi. Nashukuru lilihama kiganja tu.

Chukua jamii ya safari ndefu zenye kona: Michelin Road, Metzeler Roadtec, Pirelli Angel, Dunlop RoadSmart. Kwa njia yako lolote kati ya hayo ni sahihi, chukua utakalolipata Dar likiwa na tarehe ya karibuni. Mimi Michelin Road la nyuma nilipata kilomita 9,000 na kidogo nikiwa na mzigo. Ukubwa ule ule, 180/55, na usikubali muuzaji akubadilishie eti yanalingana. Tazama imeandikwa 58W mbele na 73W nyuma. Hiyo 73 maana yake linabeba kilo 365, na W ni mwendo wa kilomita 270 kwa saa, ambao huuhitaji, lakini tairi lenye alama ya chini kuliko aliyoitaja mtengenezaji silifungi. Kabla hujalipa soma DOT mwenyewe dukani, usisomewe.

Yakishafungwa, kilomita 150 za kwanza nenda kama unabeba mayai. Tairi jipya lina ngozi laini ya kiwandani inayoteleza. Zunguka barabara ya Ihumwa, ongeza kulala kidogo kidogo, kushoto na kulia. Na siku utakayorudi Nyang'oro, simama Mtera kwanza. Kunywa maji, kula samaki. Ukianza mlima, kona nne tano za mwanzo nenda nusu ya mwendo wako, uyape mabega kazi kabla hujayaomba kitu.

MwanaNzuguni

Nimepata Road 6 kwa mtu wa Kariakoo, nimemwomba picha ya ubavuni kabla ya kutuma hela. 3024 yote mawili. Yanapanda basi Alhamisi usiku. Fundi, nikikuletea rimu tupu kwa bajaji Jumamosi asubuhi utanifungia na kuzipima mizani?

FundiWaKizota

Njoo saa 3. Toa mwenyewe ekseli mapema, zimekaa muda mrefu, zitabana. Na ya zamani usimpe mtu, niletee nitayakata vipande.

Boxer_Nkuhungu

Fundi usiyakate yote, mimi naomba kipande cha kuwekea chini ya stendi, gereji yangu ina mchanga.