Naomba ushauri: nipoozeje chumba cha rubani cha simuleta kilichofungwa pande zote?

Rubani wa Plaiwudi:
Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Nimejenga nyumbani simuleta (kifaa cha kuigiza urushaji wa ndege) ya Boeing 737 yenye ganda la plaiwudi lililofunikwa pande zote, pamoja na paa na mlango wa nyuma, ili mwanga usiingie na kufifisha picha. Ndani mna nafasi ya takriban mita 4 za ujazo, kompyuta moja yenye kadi kubwa ya michoro, skrini tatu za mbele, skrini mbili ndogo za ala (vipimo vya ndege), na mimi mwenyewe. Safari ikizidi saa moja, jasho hunitiririka, viganja huteleza kwenye usukani, na feni za kompyuta huvuma hadi kuifunika sauti ya injini. Nina feni ndogo ya mezani humo ndani, lakini inazungusha hewa ileile ya moto. Je, niweke kiyoyozi cha kuhamishika ndani ya ganda? Na nitajuaje ukubwa wa feni ninazohitaji? Sipendi kulifungua ganda, kwa kuwa kule kufungwa ndiko kunakonifanya nijisikie niko angani kweli.

Fundi Upepo:
Ndugu, kabla hujanunua chochote, piga hesabu. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta na skrini huishia kuwa joto, kwa hiyo ukijua wati umelijua joto. Tafuta kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi, ukisome unaporuka kwa kimo kidogo juu ya mji mkubwa, maana hapo ndipo kadi ya michoro huelemewa zaidi. Tuseme kompyuta inakula wati 500 na skrini zote wati 200. Ongeza wati 100 hivi za mwili wako, kwa kuwa mtu aliyeketi naye hutoa joto. Jumla ni wati 800.

Sasa zidisha wati hizo kwa 3, kisha ugawanye kwa idadi ya nyuzi za Selsiasi ambazo uko tayari kuvumilia ndani kuzidi nje ya ganda. Jibu ni mita za ujazo za hewa unazopaswa kuzitoa kila saa. Ukikubali nyuzi 5, unahitaji mita za ujazo 480 kwa saa, kiasi ambacho ni kikubwa na chenye kelele. Ukiitoa kompyuta nje ya ganda, zinabaki wati 300, na hitaji linashuka hadi mita za ujazo 180. Kwa maoni yangu hakuna feni itakayokusaidia kama uamuzi huo mmoja. Kumbuka pia kwamba kiwango kinachoandikwa kwenye boksi la feni hupimwa bila kizuizi chochote. Ukishaweka wavu, chujio la vumbi na bomba lenye kona, hupungua sana, kwa hiyo chagua feni yenye uwezo unaokaribia mara mbili ya hesabu yako.

Waya Mrefu:
Naunga mkono kuhamisha kompyuta, ila angalia nyaya. Waya wa USB 2.0 una kikomo cha mita 5, hivyo weka ndani kigawanyio cha USB chenye umeme wake, na vifaa vyote vya usukani na swichi vichomekwe hapo. Kwa picha, nyaya za kawaida za skrini zenye ubora mkubwa huanza kusumbua zikiwa ndefu. Za nyuzi za kioo hufika mbali bila tatizo. Kama paneli zako bado zina balbu za zamani za kuwaka, weka LED, kwa sababu balbu hizo hupasha paneli ya juu, na joto lake liko karibu kabisa na kichwa chako.

Mama Anga:
Kiyoyozi usikiweke ndani ya ganda, tafadhali. Mashine hiyo hutoa joto upande wake wa pili, na bomba lisipolipeleka nje ya nyumba, utakuwa umeongeza joto badala ya kulipunguza. Kiache kipoze chumba kizima, bomba likitokea dirishani, na ganda livute hewa hiyo iliyokwisha kupoa. Feni za maji pia siziafiki, kwa kuwa huongeza unyevu palipo na vifaa vya umeme.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi kuliko jasho. Mtu aliyetulia hutoa takriban lita 20 za kaboni dioksidi kwa saa. Katika mita 4 za ujazo zilizozibwa kabisa, hiyo ni nusu asilimia ya hewa yote, yaani zaidi ya mara kumi ya kiasi kilichomo katika hewa ya nje. Kichwa kikiwa kizito unapokaribia kutua, usidhani ni uchovu tu. Hata majira ya baridi, feni ya kutoa hewa isizimwe.

Rubani wa Plaiwudi:
Nawashukuru sana. Kompyuta itahamia nje. Ila matundu ya hewa yatapitisha mwanga, na kelele nayo nitaizuiaje?

Fundi Upepo:
Mwanga husafiri moja kwa moja, ilhali hewa hukubali kupinda. Tengeneza njia ya boksi yenye kona mbili, uipake ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Hewa iingie chini karibu na pedali, itokee juu nyuma ya paneli ya juu, na tundu la kuingilia liwe pana kuliko la kutokea ili feni isihangaike. Feni moja kubwa inayozunguka polepole, iliyofungwa nje ya ganda juu ya mpira, huwa tulivu kuliko ndogo kadhaa za mbio. Kisha vuta bomba jembamba hadi usawa wa uso wako, kama vile vitundu vya hewa vilivyo juu ya viti vya abiria. Upepo mdogo usoni hutuliza mwili hata kipimajoto kisiposhuka.

Mama Anga:
Na kwa kuwa ndege yako ni 737, paneli ya juu ina swichi za kupoza vifaa, zenye nafasi ya kawaida na ya akiba. Ziunganishe na feni mbili za kweli, ya pili ikiwa ya dharura. Kipimajoto kifunge nyuma ya paneli ya juu, mahali joto linapojikusanya, kwa sababu ukikiweka kando ya kiti kitakupa namba nzuri huku vifaa vikiungua.