Kitenge yadi 3 kinatosha sketi ya duara kamili?

Swali
Habari za humu wapendwa. Nina kitenge yadi 3, upana inchi 45, nataka nijishonee sketi ya duara kamili ile ukizunguka inafunguka yote. Kiuno changu 28, urefu nataka 26. Fundi mmoja hapa mtaani kasema bila yadi 4 nisahau, na dukani kimeshaisha siwezi kuongeza. Cherehani ninayo na kushona najua, kinachonisumbua ni hesabu ya kukata kiuno maana hiki kitambaa nakipenda mno sitaki kiharibike. Naombeni msaada.

Jibu 1
Dada anza na kiuno. Vipande ni viwili nusu duara, kwa hiyo mishono ya pembeni miwili, kila mmoja unakula inchi 1, basi 28 inakuwa 30. Gawa kwa 6.28 (yaani 3.14 mara 2) unapata 4¾ hivi, ndio umbali kutoka kitovu, yaani katikati ya duara, hapo ndipo mshono wa mkanda utapita, wewe kata kwenye 4¼ ili ubaki na nusu inchi ya kushonea. Halafu 4¾ jumlisha urefu 26 jumlisha pindo nusu inchi, unapata 31¼. Usiache pindo pana kwenye duara, linajikunja vibaya. Sasa ukivilaza vipande kwa kufuatana unahitaji 31¼ mara 4, yaani inchi 125, na yadi 3 ni inchi 108 tu. Fundi wako hajakosea sana.

Jibu 2
Hesabu ya hapo juu iko sawa ila mpango wa kulaza ndio unaokula kitambaa. Usivifuatanishe, vigeuze vitazamane. Nusu ya kwanza weka kitovu chake kwenye ukingo wa chini, 31¼ kutoka ncha ya kushoto, ya pili weka kitovu ukingo wa juu, 31¼ kutoka ncha ya kulia. Kabla hujashika mkasi pima mshazari kutoka kitovu hadi kitovu, lazima ifike 62½ la sivyo vipande vitagongana. Kwa vipimo vyako itasoma 64, inatosha kabisa! Ni ile Pythagoras ya sekondari, 45 kwa upana na 45½ kwa urefu. Futi nyingi za kupimia nguo zinaishia inchi 60 kwa hiyo tumia uzi. Mkanda utaungaunga kwa mabaki ya kwenye kona.

Mwuliza swali
Jamani asanteni sana! Ila kitenge kina picha za ndege wamesimama wote wanaangalia juu, si nyuma watakuwa kichwa chini?

Jibu 2
Ndiyo, nyuma watapinduka. Kama hilo linakukera fanya nusu duara moja tu, mshono unakuwa mmoja kwa hiyo 29 gawa kwa 3.14 ni 9¼, jumla mpaka chini 35¾, inakula yadi 2 na unabaki na yadi nzima ya blauzi. Mimi kwa kitenge cha picha ningefanya hivyo, inalala vizuri kiunoni japo haifunguki kama duara kamili.

Jibu 3
Mdogo wangu kabla ya yote kiloweke, kianike, kipige pasi, ndio upime tena urefu na upana, maana pamba inarudi na kwenye ule mshazari umebakiwa na nafasi ya inchi 1½ tu. Na ukishaunga mkanda itundike usiku kucha kabla ya kupinda chini, zile sehemu zilizokatwa mshazari zinashuka zenyewe, asubuhi unasawazisha kutoka sakafuni ndio unapinda.