Pikipiki mpya ya kwenye boksi, halafu nati nakaza mwenyewe! Hii ni biashara gani?

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nimenunua pikipiki mpya, cc 125, haijawahi kukaliwa na mtu. Tangu niitoe dukani kazi yangu ni kukaza, kulegeza na kunyoosha vitu nilivyolipia vije vikiwa tayari.

Kilichonishtua ni kona. Naingia taratibu, nakata usukani kushoto, injini inanguruma yenyewe! Mkono haujazungusha ekseleta hata kidogo. Nikasimama pembeni, nikaiacha iwake kwenye sailensi, yaani bila kugusa ekseleta, nikazungusha usukani polepole kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto. Kulia, kimya. Kushoto, mzunguko unapanda. Kufungua taa ya mbele nakuta kebo ya ekseleta imepitishwa upande usio wake wa shingo na imebanwa na fungu la waya, kwa hiyo ukikata kushoto inavutika kana kwamba umeongeza mafuta. Sasa piga picha umepakia mtu, unageuza katikati ya magari.

Baada ya hapo sikumwamini mtu. Nikatandika turubai, nikaanza kupekua.

Cheni imevutwa kama waya wa gitaa. Kitabu kilichokuja na pikipiki kinataka icheze 20 hadi 30 mm katikati; yangu haikufika hata 10. Na hapo hujakaa. Ukikaa shokapu zinashuka, cheni inazidi kukaza, na wanaoumia ni beringi na sproketi. Alama za kurekebishia gurudumu, kulia inasoma moja, kushoto nyingine, maana yake tairi la nyuma limekaa kiupandeupande. Loki ya cheni, kile kibanio kinachoshika kiungo chake, nayo imevalishwa kinyume: upande ulioziba ndio unaotakiwa kutangulia cheni inakoelekea, wao wametanguliza mdomo.

Lakini lililonikausha mate ni ule mkono wa chuma unaoishika sahani ya breki ya nyuma isizunguke na gurudumu. Nati ipo. Tundu la pini lipo. Pini hakuna! Nati ile ikilegea ikadondoka, siku unakanyaga breki sahani inazunguka, na gurudumu linaweza kujifunga ukiwa kwenye mwendo.

Mengine nayapitia haraka. Mkono wa klachi hauna ule ulegevu mdogo wa mwanzo kabla haujavuta kebo, yaani sahani zake zilikuwa zinateleza na kuungua tangu siku ya kwanza. Spoki ukizigonga kwa spana, nyingine zinalia vizuri, nyingine bubu, hazijakazwa. Kichwa kimoja cha betri unakizungusha kwa kidole. Na betri yenyewe ni ile ya kumiminiwa asidi, ambayo inatakiwa ichajiwe kwanza, taratibu, kabla ya kufungwa. Hii wamemimina, wamefunga, wamepiga stata, kwaheri. Betri iliyoanzishwa hivyo haifikii nguvu yake yote.

Na msije na ile habari kwamba pikipiki za siku hizi ni mbovu. Injini haivuji hata tone, gia zinaingia safi. Pikipiki kama hizi kwa kawaida hufika kwenye makasha, gurudumu la mbele, usukani, vioo na betri vikiwa vimetolewa. Duka ndilo linalofunga, linalopitisha kebo, linalopima cheni na kuhakikisha kila pini ipo. Ugonjwa wote niliouona uko pale ambapo mikono ya duka ilitakiwa kupita.

Nikapiga simu. Jibu: "Bosi, pikipiki mpya ndivyo zilivyo, ikitembea vitu vinajiseti vyenyewe."

Pini inajiseti? Inatokea wapi?

Nikaambiwa basi nipeleke kwa fundi wangu anikazie. Sawa. Nikauliza, na dhamana je? Eti akifungua fundi wa nje, dhamana imekufa! Yaani wao hawafanyi kazi, mimi nikiifanya nina kosa.

Halafu ndani ya bahasha ya makaratasi kuna fomu ya ukaguzi kabla ya makabidhiano, imesainiwa. Vema juu mpaka chini, kalamu moja, mkono mmoja, haraka haraka. Kuna mstari umeandikwa "mafuta ya breki ya diski", nao una vema. Wakuu, pikipiki yangu ina breki za ngoma mbele na nyuma. Hayo mafuta waliyakagua kwenye pikipiki ya nani?

Cheni nimeirekebisha na pini nimeweka, kwa sababu siwezi kupanda kifo nikisubiri huruma ya mtu. Kila kitu nilikipiga picha kabla sijagusa. Kebo nimeiacha walivyoiweka. Nairudisha dukani imepakiwa kwenye kirikuu, waizungushe usukani wenyewe waisikie. Nataka ukaguzi ufanywe upya nikiwa nimesimama pale, betri mpya iliyochajiwa, na karatasi inayosema dhamana ipo hai.

Aliyewahi kulibana duka mpaka likakubali, aniambie alianza na nani na alionyesha ushahidi gani. Anayekuja kuniambia pikipiki mpya ndivyo zilivyo, apite tu, huyo nimeshaongea naye kwenye simu.