Nimestaafu, bima ya afya imekatwa siku hiyo hiyo, na hakuna aliyefungua mdomo kuniambia

Wakuu, hasira hizi nimekaa nazo wiki nzima, leo naziandika.

Nimefanya kazi sehemu moja miaka 27. Kila mwezi makato ya bima yalitoka kabla sijauona mshahara. Nikastaafu, nikaagwa kwa hotuba na makofi. Siku ya 41 baada ya hapo nikampeleka mke wangu kliniki ya presha. Dada wa mapokezi akapitisha kadi kwenye mashine, akaifuta kwa upindo wa sare yake, akaipitisha tena. Kisha akanigeuzia skrini nijisomee, naona hakutaka kulitamka mbele za watu: uanachama umesitishwa. Tarehe iliyokuwa pale ni siku yangu ya mwisho kazini. Siku ile ile ya makofi.

Nikapiga simu utumishi. "Mzee, ile ni bima ya kikundi, ukitoka kazini nayo inakoma, ipo kwenye mkataba." Mkataba upi? Bima ya kikundi mkataba wake ni wa mwajiri na kampuni ya bima. Mimi nilipewa kadi na kijitabu chenye orodha ya hospitali, basi. Mkataba wenyewe sijawahi kuutia machoni.

Lililonichoma zaidi nililipata kwa kampuni yenyewe. Kumbe nilikuwa na siku 30 za kuomba kuhamia bima ya mtu binafsi bila kupimwa afya na bila kuanza upya kusubiri miezi kadhaa kabla ya magonjwa yetu kulipiwa. Nimepitwa kwa siku 11 na kitu nisichojua kama kipo! Na semina ya wastaafu watarajiwa nilihudhuria, siku mbili nzima. Tulifundishwa kutunza kiinua mgongo, kuwakwepa matapeli, hadi kuandika wosia. Bima ya afya haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Hicho kiinua mgongo mnachotufundisha kukitunza, kulazwa mara moja tu kunaweza kukimaliza. Mlishindwa nini kusema?

Marekani kuna sheria inaitwa COBRA. Mfanyakazi wa kampuni yenye watu 20 au zaidi akiacha kazi, lazima aarifiwe kwa maandishi kwamba anaweza kubaki kwenye bima ya kazini, kwa kawaida hadi miezi 18, na anapewa siku 60 za kuamua. Bei ni kali, maana mchango wote anaubeba mwenyewe. Lakini anaambiwa! Mimi barua moja tu ingenitosha.

Sasa naingia sokoni kama mgeni. Bei ya kwanza niliyotajiwa nilidhani wamekosea. Miaka yote niliona makato yangu nikaamini ndiyo bei ya bima, kumbe mwajiri alikuwa akilipa sehemu kubwa, na vijana kazini wasiougua walikuwa wakitubeba sisi wazee. Ukitoka peke yako unapimwa kwa umri wako. Kampuni mbili zimenikataa kabisa, wana ukomo wa umri kwa mwanachama mpya. Ya tatu imenikubali, ila presha ya mke wangu na sukari yangu wanaziita magonjwa yaliyokuwepo kabla, tusubiri miezi 12 ndipo wazilipie. Na kifurushi tunachokimudu ni cha kulazwa tu. Kliniki ya kila mwezi na dawa, ambavyo ndivyo tunavyohitaji hasa, ni juu yetu.

Tena wakala mmoja akaniambia kwenye fomu niandike hatuna ugonjwa wowote. Nilimfukuza. Ukificha ugonjwa, siku ya dai kubwa watafukua mafaili ya hospitali, watavunja mkataba, na michango uliyolipa unaweza usiione. Yeye kamisheni yake keshakula.

Mke wangu ana miaka 54. Bima yake ilining'inia kwenye ajira yangu, kwa hiyo kustaafu kwangu kumemkata na yeye, na umri wa kuingia mipango ya wazee hajaufikia. Hilo nalo hakuna aliyeniuliza.

Mliobakiza mwaka mmoja au miwili, nendeni utumishi wiki hii mkaulize: bima inakoma tarehe gani hasa, kuhama kunaruhusiwa ndani ya siku ngapi, miaka niliyochangia itahesabiwa kwenye muda wa kusubiri, mwenzangu anabaki au anatoka na mimi. Majibu yawe kwa maandishi. Ya mdomo mimi ninayo tele.

Nimeandika barua kwa mwajiri na kwa kampuni kudai nifunguliwe hizo siku 30, kwa kuwa hakuna aliyenijulisha. Kimya hadi sasa. Kuna aliyewahi kudai hivi akakubaliwa? Alianzia wapi, kwa kampuni au kwa mamlaka inayosimamia bima? Naomba mnijibu haraka, dawa za mama zinaisha Ijumaa.